Uji wa Pole wa Chausiku

Mwaka mmoja, enzi ambazo wanyama walikuwa bado wakibishiana hodi, mvua ilikataa. Mto ukabaki matope, mtama ukakaukia shambani. Hata hivyo desturi moja haikukauka: mtoto akiugua, kila nyumba humpelekea bakuli la uji wa kumpa pole, hata kama wenye nyumba watalala na njaa.

Ndipo Chausiku, binti wa Fisi, akapatwa na maumivu ya jino. Shavu lake lilivimba, akawa hali wala hacheki. Mamake alikuwa amekwenda mbele ya haki mwanzoni mwa kiangazi, na kabla ya kufumba macho alimwambia jirani yake Bi Sungura, "Mwanangu umtazame." Bi Sungura, mjane, aliitikia, "Mungu akinipa uzima."

Majirani wakaleta uji. Kanga alitia ufuta, Simba akatuma mchuzi wa mifupa, Bi Sungura akatia asali aliyokuwa ameificha hata nafsi yake mwenyewe.

Fisi alipokea kila bakuli kwa machozi. "Ahsanteni, jamani. Wekeni hapo. Mwanangu atakula akitulia."

"Mpeleke kwa Mzee Nungunungu," majirani walimwambia. Nungunungu ndiye aliyekuwa fundi wa meno.

"Ningempeleka hata sasa hivi. Ila anaogopa, maskini. Tumpe muda."

Walipoondoka, Fisi aliinama sikioni kwa bintiye. "Unamjua Nungunungu? Huchoma mwiba hapa kwenye ufizi, ukatokea sikioni. Unataka kwenda?"

"Sitaki, baba!"

"Basi lala, mwanangu." Akajivutia bakuli.

Siku zikaenda. Bi Sungura alipokwenda kuchukua vyombo vyake, alikuta bakuli linang'aa kuliko lilivyotoka kwake. Akamtazama Chausiku, mbavu zinahesabika. Mtoto ambaye asali ikigusa jino lake hulia, amelambaje bakuli hivi? Akaguna, akaliweka bakuli kichwani, akaenda zake.

Kesho yake Bi Sungura alirudi wakati Fisi amekwenda kuzurura, akaketi chini na Chausiku.

"Tucheze. Mimi fundi, wewe mgonjwa. Panua kinywa kama kiboko anayepiga miayo. Haya! Sasa wewe fundi, mimi mgonjwa."

Chausiku akachungulia kinywani mwa Bi Sungura, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mamake afariki. Kisha akajishika shavu. "Bi Sungura, kwa Mzee Nungunungu nitaumia?"

Bi Sungura angeweza kusema hapana. "Utaumia kidogo," alisema, "kisha yataisha. Nami nitakuwepo, utanishika sikio."

"Na mwiba hautokei sikioni?"

"Nani kakwambia?"

Mtoto akatazama chini. Bi Sungura akaelewa yote.

Jioni alimvizia Fisi njiani. "Shemeji, umesikia? Majirani wamechanga chungu kizima cha uji wa maziwa. Kitapakuliwa kwa Nungunungu, siku ambayo mzazi atamsindikiza mtoto wake."

Udende ukamtoka Fisi. "Kizima?"

"Na ukoko wake."

Asubuhi Fisi alifika mbio, kambeba bintiye mgongoni. Majirani walikuwa wamejaa uani. Simba alikuwa akitamba, "Mimi nilipong'olewa gego sikutoa hata sauti!" Nungunungu akakohoa, akaendelea kutwanga karafuu zake.

"Karibu, Fisi," alisema fundi. "Kalia kigogo."

"Mimi? Mgonjwa ni mtoto!"

"Kwangu mzazi hutangulia kupanua kinywa, mtoto aone. Ndivyo ninavyofanya kazi."

Fisi akamtazama Bi Sungura. Bi Sungura alikuwa akitazama chungu. Fisi naye akakitazama, akaketi, akapanua.

Pua zote zilikunjamana.

"Ala! Huo si ufuta wangu?" Kanga alipiga kelele.

"Na huo mfupa uliokwama ni wa kwangu!" Simba akanguruma.

"Nta ya asali nayo hiyo," Bi Sungura alisema taratibu. "Shemeji, ulikuwa ukimwonjea mtoto?"

Nungunungu akagonga gego moja kwa mwiba. Fisi akaruka. "Hili limeoza. Utamu umelimaliza. Litoke leo."

"Hapana! Fundi, tafadhali! Nitakufa!"

Chausiku alisogea. "Baba, unaogopa mwiba utatokea sikioni?"

"Upuuzi! Nani kakudanganya?"

"Wewe."

Fisi akainamisha kichwa. Mtoto akamshika mkono. "Utaumia kidogo, baba, kisha yataisha. Mimi nipo."

Fisi alilia hadi kunguru wakahama. Jino likatoka, akajazwa karafuu mdomoni asiweze kusema. Chausiku akapanda kigogo mwenyewe, mkono mmoja kwa baba, mwingine kwenye sikio la Bi Sungura, akapanua kama kiboko. Alitoa chozi moja, jino likatoka. Na baba yake, kwa kuwa hakuweza kumtia hofu tena, alimfaa kuliko siku zote za kiangazi kile.

Kisha Nungunungu akaamua: mtoto anywe uji uliopoa, Fisi, ambaye kidonda chake ni kikubwa, maji matupu. Chausiku alikunywa polepole, baba akimeza mate.

Alipomaliza, alirusha jino lake juu ya paa, kama watoto wote, aombe jipya. Fisi naye akaokota lake, akalirusha kimyakimya.

"Lako halirudi, shemeji," Bi Sungura alisema. "Wewe mtu mzima."

Hadithi yangu inaketi hapo. Enyi mlioachiwa watoto na Mwenyezi Mungu, msiwatishie tiba ili mpate raha yenu. Waambieni kweli, mketi nao, muwape mkono. Kwa maana hofu mnayowapandikiza itawarudia ninyi wenyewe, na wao ndio watakaokuja kuwatuliza.