Kanga Nyekundu na Tone la Chungu

Chungu chenye tone hakibandikwi. Neno hilo mmelisikia leo barazani, mkauliza limetoka wapi. Basi tulieni. Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji cha wafinyanzi kando ya Ziwa Nyasa, chungu kipya kilikuwa hakipelekwi mnadani mpaka kitiwe maji na kuwekwa juu ya majivu makavu, asubuhi hadi jua la utosi. Kila chungu kipya hutoa jasho, unyevu mwembamba ubavuni, na jasho si kitu. Lakini majivu yakionyesha alama ya tone, hakiuzwi. Maana mtu atakibandika, ufa utaachia, moto utazimika, na watoto watalala njaa.

Tusajigwe alikuwa mfinyanzi wa kijiji hicho. Siku moja vyungu vya shoga yake, Atuganile, vilipasuka vyote motoni. Mtu alikuwa ameondoa majani mabichi yaliyofunika tanuri, upepo ukaingia. Lawama ikamwangukia Subilaga, mfinyanzi mwenzao. Yeye na Atuganile walikuwa wamegombana juzi yake, naye alitamka mbele za watu, "Hivyo vyungu vyako, tutaona kama vitafika mnadani!" Tena Gwakisa, mkata nyasi, alisema alimwona akitoka tanurini.

Wakachaguliwa wanawake watano waamue, Tusajigwe akiwa mmoja wao. Mwenye hatia angefukuzwa kwenye shimo la udongo, asichimbe tena maisha yake yote. Na Subilaga alikuwa mjane. Bila udongo, wanawe hawana kula.

Tusajigwe alikwenda barazani moyo umeshakata shauri. Mdomo wa Subilaga aliujua. Ulishawahi kumchoma hata yeye.

Bibi Sekela, mkuu wa baraza, akauliza, "Gwakisa, uso wake uliuona?"

"Uso hapana, bibi. Alinipa mgongo. Ila kanga niliijua. Nyekundu, ya korosho. Ya Subilaga ile."

Tusajigwe akainamisha macho. Mapajani pake palikuwa na kanga nyekundu, ya korosho. Ilikuwa sare ya harusi ya mjukuu wa Bibi Sekela. Nusu ya wanawake wa kijiji walikuwa nayo.

Mama mmoja akapiga makofi. "We Gwakisa! Basi hata mimi ulinikuta tanurini!"

Watu wakacheka. Atuganile hakucheka. "Tusajigwe, shoga yangu, wewe unajua ni yeye. Nani mwingine?"

"Nadhani ni yeye."

"Basi sema!"

Mwamuzi mwingine akadakia, "Au labda ni jini la ziwani lilifunua majani."

"Shaka ya namna hiyo ni jasho tu, mwanangu," alisema Bibi Sekela. "Hakuna neno la binadamu lisilotoa jasho. Tukingoja kesi iliyo kavu kabisa, hatutamhukumu mtu hata mmoja. Mimi nauliza tone. Nani ameliona?"

Subilaga alikuwa akifikicha udongo uliomkaukia vidoleni, hamtazami mtu.

"Lipo, bibi," alisema Tusajigwe. "Ugomvi peke yake haufunui tanuri. Kinachomweka Subilaga pale tanurini ni kanga. Na kanga yenyewe hii hapa, nimeivaa mimi."

Atuganile akasimama. "Kwa hiyo hakufanya?"

"Sijasema hakufanya. Huenda alifanya. Lakini shoga, chungu chenye tone sikuuzii wewe upikie maharage. Nitakibandikaje nipikie maisha ya mtu?"

Wale wanne wakatazamana, wakakubali. Subilaga akaachiwa.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Atuganile alikaa mpaka mvua za masika bila kumsalimu Tusajigwe, na aliyefunua yale majani hajajulikana hadi leo.

Baadaye Tusajigwe na Subilaga walikutana shimoni, wawili peke yao. Tusajigwe alikuwa amemaliza kuchimba. Akampa mwenzake jembe.

Subilaga hakulipokea mara moja. "Wewe bado unaniona ni mimi."

"Siku nyingine naona hivyo."

"Na jembe unanipa."

"Chimba, mwenzangu," alisema Tusajigwe. "Chungu chenye tone hakibandikwi."