Karani wa Kisima cha Tatu

Niwieni radhi, mabibi na mabwana, hekaya hii huiharibu kila niisimuliapo, na leo nimekusudia kuiharibu kwa ufundi zaidi.

Katika mji wa Tirazi alitawala Sultani Mardhuki, na Sultani alikuwa na jini aliyefungwa kwa pete amtumikie mara tatu, na kila ombi sharti liandikwe na karani wake, Shekuwe, mwenye hati nzuri kuliko akili. Mji ulikuwa na kiu. Shekuwe akaandika: "Kisima kikubwa, kizuri, upesi." Jini akakileta upesi, kikubwa, cha marumaru, juu ya paa la kasri. Akaandika tena: "Kisima kiwe chini, na maji tele." Kikaja chini, katikati ya soko, maji tele, ya chumvi.

"Ewe Shekuwe," akasema Sultani, "limebaki ombi moja. Ukikosea, utaandika bila kichwa."

"Seyyid yangu, safari hii nitatumia wino wa dhahabu!"

"Kosa si la wino, karani."

Shekuwe akatoka, akakutana na Bi Mishi, mjane mteka maji, akamwuliza aandikeje. Bi Mishi akacheka hata mtungi ukayumba kichwani.

"We karani, visima viwili umeandika, maji umeteka lini? Haya, jitwike!"

Akajitwika siku nzima, toka chemchemi ya mbali. Shingo ilipomwuma, akauliza mbali ni hatua ngapi. Alipomdaka mtoto asitumbukie katika kisima cha soko, akauliza ukingo ufike wapi. Kisha akaandika: "Kisima kiwe chini, maji matamu, yasikauke hata kiangazi cha miezi saba, pasiwe na nyumba iliyo mbali nacho kupita hatua mia mbili, hatua za Bi Mishi mwenye mtungi uliojaa, si za jini, ukingo umfike kiunoni mtu mzima, na kazi haipokelewi mpaka Bi Mishi ateke, anywe, aridhike."

Jini akausoma waraka, akaugeuza, akausoma tena. "Karani, hukuniachia hata pa kuchezea!"

Kisima kikaja. Bi Mishi akateka, akanywa, akafuta midomo, na Shekuwe akajishika shingo.

"Matamu," akasema Bi Mishi.

Sultani akamtunuku Shekuwe joho na nyumba ya ghorofa, naye akaenda kumposa Bi Mishi, kalamu mkononi, akauliza kwanza anataka mume wa namna gani.

"Wa kuuliza," akajibiwa, na wakaoana, wakaneemeka.

Basi kabla ya kuchovya kalamu, mwulize mwenye mtungi. Mimi niliombwa hekaya nzuri, sikuuliza nzuri kwa nani. Ikiwachosha, jini hana kosa.