Baragumu la Mrindoko

Sogeeni karibu, wana wa Vilima Saba, nimtaje aliyetuwezesha kulala bila mikuki vichwani. Ni Mrindoko mwana wa Sekiete, mjukuu wa Mghanga mfua vyuma, Mrindoko Bega-la-Mwamba, aliyevuka mto Mwore na fahali mgongoni.

Enzi hizo vilima vyetu saba vilikuwa vimekula kiapo: kikipigwa kimoja, vimepigwa vyote. Kule tambarare alitawala Mfalme Kilavo, ambaye mikuki yake haikuwa michache kuliko yetu. Tangu kale kila upande uliweka mpiga baragumu wake kwa mwenzake, ili tukipuliza na kutoka na silaha kuwinda nguruwe wa mashambani, mtu wetu aliyeko kwao awaambie, "Ni uwindaji, tulieni," kisha atujibu kwa baragumu kwamba wamesikia. Ikaja vita ya malisho, ambamo Mrindoko alimuua ndugu yake Kilavo, na wapiga baragumu wakarudishwa makwao. Amani ilipotangazwa, hakuna aliyekumbuka kuwarejesha. Msimu uliofuata tukatoka kuwinda, tambarare wakadhani tunawavamia, na majeshi mawili yakakabiliana kivukoni huku nguruwe wakila mahindi yetu kwa raha zao.

Mrindoko akatupa mkuki wake mtoni, akavuka peke yake, akapiga goti mbele ya Kilavo.

"Mfalme, nilimuua nduguyo. Niue, au niweke kwako niwe mpiga baragumu. Ila usinirudishe bure."

"Kaa," akasema Kilavo. "Ukinidanganya mara moja tu, utamfuata ndugu yangu."

Akakaa miaka thelathini. Na niseme ukweli, ingawa ni babu yetu: kupuliza hakujua. Sauti ilimkatikia katikati, ikamalizia kwa mkwaruzo kama wa mbuzi mwenye kikohozi. Tulimcheka sana, lakini tulitoka kuwinda mioyo ikiwa imetulia, maana hapakuwa na mwingine aliyepuliza vile.

Mwaka mmoja tukapuliza, tukajibiwa kwa mkwaruzo uleule, ukikatika palepale. Tukawinda, tukala nyama, tukacheza ngoma. Siku ya tatu wajumbe wakaleta habari kwamba Mrindoko alikuwa amezikwa kabla ya uwindaji ule, kwa heshima zote, kando ya kaburi la yule ndugu wa Kilavo. Aliyetujibu ni Kilavo mwenyewe, mzee aliyepinda mgongo, aliyekuwa amejifunza mkwaruzo wa muuaji wa nduguye ili sisi tusiingiwe na hofu.

Ndiyo maana hadi leo, vilimani na tambarare, vijana hufundishwa kwa bidii kupuliza vibaya.