Dawa Iliyonyamazisha Injini

Hapo zamani, tena si zamani ya mbali, kijiji kimoja cha milimani Upareni kilikuwa na gari moja tu. Ni pikapu kuukuu iliyonunuliwa kwa kuchangishana. Ilipeleka tangawizi sokoni, ilipeleka wagonjwa hospitali ya bondeni, na maiti ilizirudisha nyumbani.

Msimu mmoja wa mavuno injini ikaanza kugonga. Fundi Elirehema akainama, akasikiliza, akasema, "Beringi zimelika. Lazima tushushe injini, na gari lilale mpaka vifaa vipatikane mjini."

Mkutano ukaitwa. Wa kwanza kusimama alikuwa Kiangi. Mkewe, Naetwe, alikuwa mjamzito, na mimba yao iliyotangulia iliharibika kwa kukosa usafiri, kabla gari halijanunuliwa. "Jamani, mnataka nimshushe mke wangu mlimani kwa machela? Gari lisilale!" Alisema huku machozi yakimlengalenga. Watu wakamwonea huruma, wakakubali.

Basi dereva, Senkondo, akaenda dukani kwa Mama Nakijwa kununua dawa ya injini, ile nzito kama asali inayochanganywa na oili. Akaimimina. Kesho yake injini ikanguruma vizuri, haigongi hata kidogo. Fundi Elirehema akaja, akainama, akasikiliza, akasikia kimya. Akabeba spana zake akaenda zake.

Gari likapiga kazi. Mtoto wa mwalimu akaumwa na nyoka, likamwahisha hospitali, akapona. Kila mtu akaisifu dawa, na Kiangi kuliko wote. Akawa analala usingizi wa raha.

Kisha siku ya Naetwe ikafika. Uchungu ulimshika asubuhi, na damu ikatangulia. Wakampakia. Kwenye kilima cha mwisho kabla ya kuteremkia bondeni, injini ikanoki: ikakaza, ikazima, wala haikuwaka tena. Mtoto akazaliwa pale pale kando ya barabara, wa kike, mzima. Mama yake alifariki akiwa amemshika mumewe mkono.

Sasa nisikilizeni vizuri. Desturi ya kijiji kile ni kwamba, kifo kikiwa na mkosaji, mfiwa humwita jina mbele ya watu. Aliyeitwa hutia udongo wa kwanza kaburini, na tangu hapo haruhusiwi mtu kumsema tena. Mfiwa asipoita, kijiji hubaki kinatazamana kwa jicho baya.

Kiangi akasimama ukingoni mwa kaburi. Hakuita jina la mtu.

Senkondo akasogea. "Niite mimi, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemimina. Nilijua ndani kunalika, nikafurahia ule utulivu kwa sababu kuendesha kukawa raha."

Mama Nakijwa akajifunga khanga vizuri. "Dawa niliuza mimi, sikatai. Ila nilimwambia Senkondo itaisogeza injini siku chache tu, haiiponyi. Na mtoto wa mwalimu, je? Gari lingekuwa limelala, leo si tungekuwa tumeshamzika? Mwanangu, kama nimekosa niite, lakini ukumbuke na hilo."

Fundi Elirehema alikuwa analia waziwazi, mtu mzima yule. "Msiisingizie dawa. Injini ilikuwa imeshakwisha siku ile ya kwanza, dawa imeifunika sauti tu. Sauti ndiyo ilikuwa inatuonya. Mimi nilijua hakuna dawa inayorudisha chuma kilicholika, nikaogopa kuonekana mkorofi, nikaondoka. Niite mimi, Kiangi."

Kiangi akamtazama mtoto wa mwalimu, aliyesimama na baba yake, mguu bado una kitambaa. Alimtazama binti yake, aliyelala mikononi mwa bibi yake. Akaisikia tena sauti yake mwenyewe pale mkutanoni, gari lisilale, na moyo ukamuuma kuliko wakati wowote tangu kilimani. Alikuwa amempenda Naetwe. Kwa kumpenda ndiyo maana alisimama wa kwanza.

Watu wote wakamngoja. Jua lilikuwa kali, na mtoto akaanza kulia kwa njaa.

Haya, ninyi mliokaa hapa, msinijibu harakaharaka. Yupo aliyemimina, yupo aliyeuza, yupo aliyejua akaondoka, na yupo mfiwa mwenyewe, aliyesema gari lisilale. Je, nani alistahili kuitwa atie udongo wa kwanza juu ya Naetwe?