Kitanda cha Wageni wa Vuli

Asiyebakiza tete, mgeni wake ni upepo. Mmeisikia leo kikaoni, mkauliza imetoka wapi. Basi methali hii ilizaliwa ukingoni mwa kinamasi cha Kambeni, na aliyeizaa alikuwa mwezekaji wa nyumba, jina lake Senkondo.

Senkondo alikuwa mgane. Watoto wake walioa na kuolewa mbali, na nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabla ya matete kuanza. Kutwa nzima aliweza kukaa asitamke neno, kwa kuwa hakuwa na wa kumtamkia. Lakini kila vuli mbayuwayu walikuja. Walitoka nchi za baridi huko kaskazini, wakavuka jangwa na milima, na kila jua lilipotua walishuka kwa maelfu kulala katika matete yale. Kelele zao zilikuwa kama mvua juu ya majani makavu. Senkondo alitoa kigoda nje akala ugali wake humo kwenye kelele, na miezi ile hakuhisi kuwa anakula peke yake.

Kambeni palikuwa na mwiko. Wakati wa kiangazi kila mtu alikata matete ya kuezekea, ila tete lenye miguu majini halikuguswa. Hilo lilikuwa kitanda cha wageni.

Ukaja mwaka wa ukame. Maji yakarudi nyuma mpaka kinamasi kikabaki matope yaliyopasuka. Ndipo Mfinanga, mtani wake Senkondo, alipofika na wakataji wenzake, miundu begani.

"Mtani, bado hujafa?"

"Nikifa nani atakuzika, nawe watu wanakukimbia?"

Mfinanga akacheka, akanyoosha mundu kuelekea tete la katikati ya kinamasi. "Tumekuja kukata lile."

"Lile ni la wageni."

"Mwiko unasema tete lenye miguu majini. Nionyeshe maji, nigeuze njia."

Senkondo akatazama. Maji hayakuwepo.

"Na ndege wakija walale wapi?"

"Wana mabawa, mtani. Unawahurumia wazungukao dunia, sisi tusiofika hata gulioni mvua ikija itatulowesha vitandani. Tutapiga kambi uani kwako mpaka tumalize. Utachoka na makelele yetu."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomshinda. Uani kwake hapakuwa pamewaka moto wa watu wengi tangu matanga ya mkewe. Akaingia ndani, akatoka na mundu wake.

Kazi ilikuwa tamu. Walikata, wakataniana, wakala chungu kimoja. Senkondo alisimulia visa alivyodhani amevisahau. Kisha matete yakaisha, wenzake wakafunga mizigo, wakaaga. Uani pakabaki majivu.

Vuli ikaingia na mvua ya baridi. Jioni moja mbayuwayu wakatokea, wengi kama zamani. Wakashuka, wakakuta visiki vya matete. Wakapanda, wakazunguka, wakashuka tena. Senkondo alisimama na sahani mkononi. Akajikuta anawaambia, "Ngojeni kidogo," kana kwamba angeweza kuotesha tete kabla giza halijashika. Hawakungoja. Wakaenda asikokujua.

Asubuhi aliwakuta wengine matopeni, wamelowa, wamekufa. Akamwokota mmoja. Kiumbe aliyevuka jangwa alikuwa mwepesi kama ganda la yai.

Mfinanga alipopita alimkuta bado amesimama pale.

"Mtani, wageni wako wamefika?"

"Walifika."

"Mbona kimya? Sasa uko na nani?"

Senkondo hakumgeukia. "Asiyebakiza tete, mtani, mgeni wake ni upepo."

Mfinanga akamtazama yule ndege kiganjani mwa mwenzake, akavua kofia.

Tangu hapo watu wa Kambeni waliacha kuupima mwiko wao kwa maji. Matete ya katikati yalizungushiwa vigingi, yasikatwe mwaka wa mvua wala wa ukame. Mbayuwayu walirudi, lakini wachache wachache, na Senkondo alikufa bila kuisikia tena ile kelele ya maelfu.

Ndiyo sababu mtu akitumia ruhusa ya sheria kumaliza hata fungu la mwenzake, kisha akashangaa kubaki peke yake, huku kwetu hagombezwi. Huambiwa tu: asiyebakiza tete, mgeni wake ni upepo.