Jeneza la Mwana Hidaya na Midomo Iliyofungwa

Wametaja waliotutangulia, na kama walitia chumvi basi chumvi ni yao, ya kwamba katika mji wa Kandarani alitawala Sultani Mudhaffar bin Ghalib, mwenye kasri la milango ya shaba na masikio ya kumsikia waziri wake tu. Na katika mji huo aliishi bibi mmoja jina lake Mwana Hidaya, aliyetembea ulimwengu hata visigino vyake vikajua mchanga wa Shamu na matope ya Bara Hindi na baridi ya Uchina. Kila safari alirudi na shehena, na shehena ikaisha kabla mwezi haujaandama, maana bibi huyo hakujua kufumba mkono. Lakini alitoa kwa sitara. Mhitaji aliitwa mlango wa uani, akapewa nguo au nafaka au dawa, akaambiwa, "Chukua, mwanangu, na usimwambie mtu," ili asije akatahayari mbele ya wenzake.

Huko Shamu, ndani ya kisima kikavu, aliokota pete ya fedha iliyofungiwa jini aitwaye Haradali. Jini alipomtokea, bibi hakutaka hazina wala kasri, alimwuliza, "Umekula?" Haradali hakuwahi kuulizwa hivyo tangu kuumbwa kwake. Akalia machozi ya moto, na akaapa kumtumikia kwa hiari. Na katika safari hiyohiyo Mwana Hidaya alimwokota njiani Raya, mtoto yatima, akamlea, naye akamwita mama.

Basi ajali yake ikafika, Mwana Hidaya akafa, na pete akamwachia Raya pamoja na wasia mmoja: azikwe ubavuni mwa mama yake mzazi, ndani ya mji. Raya alimwosha kwa mikono yake mwenyewe. Watu husema aibu ya maiti aijua mwosha, na Raya hakuona aibu yoyote, ila miguu iliyopasuka kwa safari.

Ilikuwa ada ya Kandarani maiti asizikwe makaburini mwa mji mpaka kadhi aulize mbele ya jeneza, "Mnamjuaje huyu?" na watu waitikie, "Tunamjua kwa wema." Asiyeshuhudiwa hutolewa nje ya ukuta, akafukiwa penye Shimo la Wasiojulikana, bila jiwe wala dua.

Jeneza likawekwa uwanjani, Sultani ameketi juu ya mto wake wa hariri, na kadhi akauliza. Kimya. Akauliza tena, na watu wakatazama vidole vya miguu yao. Si kwamba hawakumjua. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyepita mlango wa uani, na akawaza moyoni, nikisema alinitendea wema nitaulizwa wema gani, na hapo nitajificha wapi?

Waziri Shaddad akainuka, kilemba chake kikimeta. "Ewe maulana, mwanamke aliyevuka bahari bila mume na kusuhubiana na majini, nani atamshuhudia? Na apelekwe Shimoni."

Raya akawageukia watu. Aliwajua wote. Ni yeye aliyekuwa akifungua mlango ule. Akaizungusha pete, na Haradali akasimama uwanjani, kichwa chake juu ya mnara, na watu wakaanguka kifudifudi.

"Labeka, bibi yangu."

"Kila alichotoa mama, kipe ulimi!" akapaza sauti Raya. "Nguo ziseme, sufuria ziseme, na kilemba kile kiseme kilimfunika nani alipotupwa ufukweni na mawimbi, amejisitiri kwa jani la mgomba!"

Jini akainama. "Mama yako aliniapisha nisimfedheheshe hata mmoja wao. Lakini pete i kidoleni mwako. Rudia neno lako, nami nitatii."

Raya akawatazama, na kila mtu ameishika nguo yake kama mtu aliyepatwa na upepo. Aliwachukia. Na kwa muda akamkasirikia hata mama yake, aliyewafunika vizuri namna hii hata wakamsahau.

"Ngoja, Haradali," akasema. "Enyi watu wa Kandarani! Mama aliwasitiri, hakuwaziba midomo. Semeni wenyewe, au nguo zenu zitasema. Fadhila za punda ni mateke, lakini hata punda hampigi maiti!"

Akainuka Bi Mtumwa, muuza vitumbua. "Mimi namjua. Nilipika vya watu na wanangu wakilala njaa, na yeye ndiye aliyetulisha. Haya, mmesikia. Nichekeni."

Hakucheka mtu. Akainuka mhunzi, akainuka mwadhini, na kadhi mwenyewe akafuta macho akasema, "Dawa iliyoniponya ilitoka mkononi mwake." Na uwanja mzima ukapaza sauti, "Tunamjua kwa wema!"

Akabaki waziri, mdomo ameubana. Mara kilemba chake kikakohoa.

"Namjua!" akapiga kelele waziri, amekikamata kwa mikono yote. "Namjua kwa wema!"

"Sikuapa kuhusu kukohoa," akanong'ona Haradali.

Mwana Hidaya akazikwa ubavuni mwa mama yake. Ndipo Sultani akamwita Raya, akasema, "Ewe binti mwenye ghera, nakupa mwanangu akuoe, na nusu ya hazina yangu."

Raya hakupiga goti. "Maulana, mto unaokalia aliuleta mama kutoka Bara Hindi, akakupa mchana, mbele ya baraza lako lote. Hawa walikuwa na aibu ya kuficha. Wewe ulikuwa unaficha nini?"

Sultani akainuka juu ya mto ule, akaamuru hazina ifunguliwe.

Raya akaikataa ndoa, akaipokea hazina, akaigawa yote, kisha akashika njia na Haradali wake. Kila mji aliofika aliuliza, "Umekula?" na alitoa kwa sitara kama alivyofunzwa. Maana sitara ni ya kumfunika mhitaji, si ya kumfukia mfadhili. Ila neno la mama yake alilibadili. Alisema, "Chukua, ndugu yangu. Na kama una la kusema, sema ningali hai."