Kuku Aliyejipika Mwenyewe

Hapo zamani, katika mji wa Mwangaoni, palikuwa na Sultani jina lake Darweshi, mtu mwema asubuhi na mgumu jioni, ambaye kila neno jipya likiingia mjini yeye alikuwa wa kwanza kulivaa. Basi mwaka mmoja akafikiwa na mgeni msomi, Bwana Rustam, aliyefundisha kwamba viumbe vyote, tangu sisimizi hata tembo, vilijitokeza vyenyewe kidogo kidogo kwa zama zisizohesabika, wala hapana fundi aliyevipanga. Sultani akalipenda somo hilo kupita kiasi. Mimi nadhani alilipenda kwa sababu asiye na fundi hana wa kumshukuru, na kushukuru kulimwia kazi nzito tangu utoto wake.

Ikawa binti yake Sultani amejifungua, na mkunga aliyemzalisha ni Bi Mwanakombo, kikongwe ambaye mikono yake ndiyo iliyompokea Sultani mwenyewe siku aliyozaliwa. Bibi akamwinua mtoto, akakikunjua kiganja chake, akasema kama wasemavyo wakunga wote: "Subhana-Llah! Tazameni kucha hizi, ndogo kuliko punje ya mtama, na kila moja imekaa mahali pake. Mungu fundi!"

Sultani alikuwa amesimama mlangoni. Akakunja uso, akauliza, "Fundi gani, bibi? Umemwona?"

"Na aliyeidarizi kanzu yako sijamwona, bwana wangu, wala sikudhani hata siku moja kwamba ilijidarizi."

Wajakazi wakaangua kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichomponza bibi wa watu. Sultani akaamuru afungwe, na Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, atolewe mjini asirudi tena. Ikapigwa na mbiu: yeyote atakayesema kwamba kitu kilichopangika kina mpangaji, atamfuata bibi huko huko porini.

Bi Mwanakombo alikuwa na mwana mmoja, Mshamu, ambaye watu walimwita punguani kwa kuwa hakuwa na mbele wala nyuma. Kazi yake ilikuwa kukoroga masufuria kwenye harusi na hitima za watu, na ujira wake ukoko. Alipopata habari za mamaye alilia njiani mchana kweupe, bila haya, kisha akapenga kamasi akaenda moja kwa moja barazani.

"Bwana wangu, Mola akuweke," akasema, "mama yangu miguu yake haimfikishi hata kisimani. Ukimtoa mjini, umemuua. Nifanye nini hata umwachie?"

Sultani akatazamana na mgeni wake, wakatabasamu. "Jambo jepesi sana. Mlete huyo fundi wake hapa nimwone kwa macho yangu. Ukishindwa, basi nifanye mimi niliseme neno lile la mama yako, kwa kinywa changu mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu. Siku nitakayolisema, mama yako yu huru."

Waliokuwapo barazani wakainamisha vichwa kwa kumhurumia kijana. Mshamu akajikuna kisogo.

"Kumleta siwezi, mimi ni nani hata nimwite? Lakini nipe jogoo mmoja wa bandani mwako, na ruhusa ya kuingia jikoni, nikuandalie chakula cha Ijumaa."

"Punguani anataka kunihonga kwa kuku wangu mwenyewe!" akasema Sultani, akacheka, akampa.

Ijumaa alfajiri Mshamu alionekana mlangoni kwa kadhi wa mji, jogoo kwapani, wakinong'onezana. Hapana aliyejali, maana mwenye mama kifungoni hunong'ona na kila mtu.

Na ni lazima nikuambie kwamba Sultani, pamoja na elimu yake mpya, hakukosa sala ya Ijumaa wala hakupata kutia haramu kinywani. Bwana Rustam naye vivyo hivyo. Jinsi walivyoyaweka hayo yote katika kichwa kimoja, ni juu yao. Basi waliporudi kutoka msikitini, pamoja na kadhi, wakakuta sinia limeandaliwa: wali mweupe, na juu yake kuku wa kupaka, tui zito limemganda mwilini, harufu ya tangawizi na ndimu imejaa ukumbi. Wakanawa, wakala mpaka sinia likafika nusu.

"Mshamu," akasema Sultani akilamba kidole, "kuku huyu kapikwa na nani?"

"Hapana mtu, bwana wangu."

"Hapana mtu vipi?"

"Alijipika, kidogo kidogo. Alikuwa amekaa zake jikoni, na kisu kimewekwa ukutani. Upepo ukavuma, kisu kikaanguka, na shingo ikatokea kuwa papo hapo. Manyoya nayo yakachoka kukaa, yakatoka moja moja. Nazi ikabingirika ikapasuka, tui likajichuja. Tangawizi ilikuwa inapita njia, ikaona wenziwe wamekusanyika, ikaingia. Zama zenyewe zilikuwa fupi kidogo, nisameheni, tulikuwa na haraka."

Bwana Rustam akacheka mpaka punje za wali zikamruka. "Mashallah! Sasa amelifahamu somo!"

"Nimelifahamu, bwana. Limenibakia swali moja tu, nalo ni la kadhi. Ee shekhe, kuku aliyekufa pasi na kuchinjwa na mtu, wala kusomewa bismillahi, hukumu yake nini?"

Kadhi akavitazama vidole vyake. "Huyo ni kibudu. Haliwi."

Paja la kuku likabaki mkononi mwa Sultani, nusu ya njia kwenda kinywani. Bwana Rustam akaliweka bawa chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuuma.

"Mshamu! Sema kweli, kachinja nani?"

"Hapana mtu, bwana wangu. Nikisema yupo, si mbiu imekwisha kupigwa?"

"Kileteni kichwa chake!" Kikaletwa kutoka jikoni, na Sultani akakigeuza huku na huku, jasho likimtoka. "Tazama hapa! Koo limekatwa, na mishipa yote miwili, kwa pigo moja! Upepo haukati hivi! Na nyongo je? Imetolewa nzima, haikupasuka, maini nimeyala mimi na hayana uchungu! Na chumvi imekaa kiasi chake! Kitu kilichopangika hivi hakikosi mpangaji, ewe mpumbavu, hata kama mimi sikumwona!"

Neno likawa limetoka, na wote wamelisikia. Sultani akafumba kinywa, lakini alikuwa amechelewa.

Bwana Rustam akaruka kumwokoa. "Sivyo, bwana! Kuku wa sufuriani si kuku wa bandani. Aliye hai hutoka yaini, na yai hutoka kwa mamaye, chakula hakizaani. Huo si mfano mmoja!"

"Huenda, bwana mgeni," akasema Mshamu. "Wewe umesoma, mimi nimekoroga. Mjadala huo mrefu, na mama anaupenda. Nenda ukabishane naye hata kuche. Lakini abishane akiwa kwake, juu ya kitanda chake. Mtu hafungwi kwa kustaajabia kucha za mtoto."

Sultani akaona haya, na ni mara chache sultani kuona haya mbele ya watu. "Umenishinda. Lakini niambie upesi. Kachinja nani?"

"Mama kwanza, bwana wangu. Mchinjaji baadaye."

Basi lango likafunguliwa, Bi Mwanakombo akaletwa akijikongoja baina ya askari wawili. Sultani akamwinukia. "Nisamehe, bibi."

"Nimekusamehe, mwanangu. Siku niliyokupokea ulikuwa mwekundu, unapiga makelele. Umeanza kuwa mtu, kidogo kidogo."

Hapo kadhi akakohoa, akasema, "Mchinjaji ni mimi, bwana wangu. Leo alfajiri, kwa kisu changu, na bismillahi nimeitamka."

Sultani akacheka mpaka kilemba kikamlalia sikioni. Akaifuta mbiu yake, akampa Mshamu usimamizi wa jiko lote la jumba, akamketisha bibi karibu naye na kumwekea minofu. Watu wakalirudia sinia kwa furaha, isipokuwa Bwana Rustam, ambaye mkono wake ulikwenda na kurudi, ukaenda na kurudi, hata mwisho akamwinamia kadhi na kumnong'oneza:

"Shekhe, na kibla ulikielekea?"